Ndoa za kuvuka mpaka: maneno ya jenerali, filamu ya Kihindi na kumbukumbu ya Mangobo

Mwishoni mwa Desemba 2025, kwenye televisheni ya taifa RTNC, msemaji wa jeshi la Kongo (FARDC), Jenerali Sylvain Ekenge, aliwaonya wanaume kuhusu kuoa wanawake wa Kitutsi. Kwa maelezo yake, ndoa hizo ni mbinu ya kupenyeza watu ndani ya familia za wakubwa. Kauli hiyo ilizua hasira ndani na nje ya nchi, na muda mfupi baadaye jeshi lilimsimamisha kazi.

Wengi walidhani habari imeishia hapo. Aliyesimamishwa ni msemaji. Wazo lenyewe lilikuwepo kabla yake na lina wenyeji wengi, kuanzia bungeni Kinshasa hadi kwenye vituo vya toleka vya Kisangani, ambako vijana wakisubiri abiria hujadili kila kitu, hata wake za watu. Na kwa komini ya Mangobo wazo hili lina historia yenye tarehe, saa na makaburi.

Kuna filamu moja ya Kihindi inayosaidia kulielewa. Veer-Zaara, ya mtayarishaji na mwongozaji Yash Chopra, ilianza kuoneshwa tarehe 12 Novemba 2004. Siku hiyohiyo, Kinshasa, ilitiwa saini sheria namba 04/024 kuhusu uraia wa Kongo, ambayo hadi leo ndiyo inayoeleza nani ni Mkongo kwa kuzaliwa, na mgeni aliyefunga ndoa na Mkongo anapata haki gani. Ni sadfa tu. Lakini ukiviweka vitu hivi viwili pamoja utaona kwamba vinashughulikia swali moja: mtu akimpenda wa upande wa pili, dola linamwita nani?

Hadithi yenyewe wapenzi wa filamu za Kihindi wanaijua. Veer, rubani wa jeshi la anga la India anayeigizwa na Shah Rukh Khan, anamwokoa Zaara, msichana wa Pakistani aliyekuja India kutimiza wosia wa yaya wake kwa kutupa majivu yake mtoni. Wanapendana. Zaara ameshaposwa kwao Lahore. Veer anamfuata, na mchumba wa Zaara anapanga akamatwe kwa jina la mtu mwingine, Rajesh Rathore, kwa madai kwamba ni jasusi wa India. Ili kulinda heshima ya Zaara, Veer anakubali kunyamaza. Anakaa gerezani miaka 22 akiitwa kwa namba tu, 786, mpaka mwanasheria kijana wa Pakistani, Saamiya Siddiqui, anapoichukua kesi yake.

Watazamaji wengi hukumbuka nyimbo na machozi. Mimi naona kiini cha filamu kiko mahakamani. Pale hakuna anayeuliza kama Veer anampenda Zaara. Swali ni je, mtu huyu ndiye Veer au ndiye Rajesh? Nani anaweza kuthibitisha? Saamiya analazimika kuvuka mpaka kwenda India kutafuta shahidi. Kesi nzima ni ya kitambulisho, na neno "jasusi" ndilo lililofunga mlango kwa miaka 22, kwa sababu likishatamkwa, kila ushahidi wa mapenzi hugeuka kuwa ushahidi wa njama. Safari ya kumfuata mpenzi inakuwa safari ya upelelezi, na ukimya wa mtu unahesabiwa kuwa kukiri kosa.

Hayo si ya sinema pekee. Mhandisi mmoja kijana wa Mumbai aliingia Pakistani kupitia Afghanistan mwaka 2012 akimfuata msichana waliyefahamiana kwenye mtandao. Alikamatwa, mahakama ya kijeshi ikamhukumu kwa ujasusi, na akarudi kwao Desemba 2018. Aprili 2025, baada ya shambulio la Pahalgam lililoua watu 26, India ilifuta viza za Wapakistani na kufunga njia ya Attari. Picha zilizotoka pale zilikuwa za akina mama wenye pasi ya nchi moja na watoto wenye pasi ya nchi nyingine, wakiambiwa wagawane hapohapo barabarani. Hakuna kati yao aliyehusika na shambulio lolote.

Sasa turudi kwetu.

Kisangani haiko mpakani. Kutoka hapa hadi Goma au Kasindi ni safari ya mamia ya kilomita, na ya barabara ambayo kila mfanyabiashara ana hadithi yake. Lakini mji huu unakula na kuvaa vinavyotoka huko: vitenge, sabuni, vyombo vya plastiki, vipuri vya pikipiki vinavyopita Uganda, vikafika Butembo au Bunia, kisha vikaja kwa lori. Biashara haitembei bila watu, na watu hupendana. Kiswahili chenyewe tunachosema Boyoma kililetwa na misafara ya akina Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na kikabaki katika familia zilizozaliwa kutokana na msafara na mwenyeji. Nyingi za familia hizo hazikuanza kwa hiari, maana ulikuwa wakati wa utumwa. Ila hakuna mtu leo anayeweza kusimama sokoni Mangobo akatenganisha damu ya nani ilitoka wapi.

Tuseme kijana wa Mangobo anayefuata bidhaa Kasindi anampata binti wa upande wa Uganda. Mahari ikatolewa, ukoo ukakubali, ndoa ikaandikishwa katika komini. Je, binti huyo amekuwa Mkongo? Hapana. Sheria ya 2004 inasema wazi kwamba ndoa peke yake haimpi mtu uraia. Mume au mke mgeni anaweza kuomba baada ya miaka saba tangu siku ya ndoa, kwa sharti kwamba wawili hao bado wanaishi pamoja na kwamba yule Mkongo hajapoteza uraia wake. Na kwa kuwa uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine, kama Katiba inavyosema katika kifungu cha 10, mwombaji lazima auache ule wa kwao.

Hapa pana ugumu ambao watu huugundua wakiwa wamechelewa. Uganda na Rwanda zinaruhusu uraia wa nchi mbili. Kongo hairuhusu. Binti wa Mangobo aliyeolewa Kampala akachukua uraia wa Uganda ili apate kazi huko, siku akirudi kumzika baba yake anarudi akiwa mgeni mbele ya sheria. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya hiyo inahubiri watu kutembea huru. Lakini kwenye familia zilizochanganyika, sheria zetu bado ni za jirani asiyemwamini jirani.

Mtu anaweza kusema miaka saba si mingi, na kwamba kila nchi ina haki ya kuchunguza anayetaka kuwa raia wake. Nakubali. Sheria hii, kwa maandishi yake, si mbaya. Haimkatazi mtu kumpenda yeyote, haitaji kabila la mke wala la mume, na inampa mgeni njia. Kasoro iko katika mambo mawili yaliyo nje ya maandishi hayo.

La kwanza ni karatasi. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Kwa miaka mingi kadi ya uchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho cha kila kitu, toka benki hadi kizuizi cha barabarani. Nchi isiyojua raia wake ni wangapi haiwezi kumthibitisha mtu kwa daftari, kwa hiyo inamthibitisha kwa sura, kwa lafudhi na kwa jina la babu. Hapo ndipo tuhuma ya ujasusi inapokuwa rahisi. Veer angalau alikuwa na faili katika jeshi la anga. Mama aliyezaliwa Masisi au Minembwe, akaolewa Kisangani, mara nyingi hana zaidi ya kadi ya uchaguzi na maneno ya shemeji zake.

La pili ni maneno. Watutsi wa Kongo wapo kwa mujibu wa sheria hiyohiyo. Aliyewaonya wanaume wasioe mwanamke wa Kitutsi hakuzungumzia mpaka wa Gisenyi na Goma. Aliuhamisha mpaka ule akauweka chumbani, kati ya mume na mke ambao huenda wote wawili ni Wakongo tangu kuzaliwa. Ni kweli kwamba nchi iko vitani. M23, inayosaidiwa na Rwanda, iliteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, na Machi 19 iliingia Walikale, kwenye barabara inayokuja Kisangani, kabla ya kuondoka Aprili. Hofu ya wakaaji wa hapa ina sababu. Lakini upelelezi wa kijeshi una ofisi zake na njia zake, na ukitegemea kuchungulia vitanda vya raia utakosa wapelelezi wa kweli na kuua wasiohusika.

Na Mangobo inajua jinsi wasiohusika wanavyouawa.

Alfajiri ya tarehe 14 Mei 2002, Kisangani ikiwa mikononi mwa waasi wa RCD-Goma waliosaidiwa na Rwanda, kundi la askari na polisi walioasi lilichukua kituo cha redio. Kwa muda mfupi waliokuwa nacho, walitangaza kwamba wananchi wainuke wawafukuze "Wanyarwanda". Watu walitoka. Wengine walifurahi tu barabarani, maana mji ulikuwa umechoka na utawala ule. Lakini baadhi waliwatafuta waliodhaniwa kuwa Wanyarwanda na kuwaua. Waliodhaniwa, naomba neno hilo lisomwe polepole. Hakuna aliyewaomba cheti cha uraia.

Asubuhi hiyohiyo redio ilirudishwa mikononi mwa RCD-Goma, na baadaye wakafika wanajeshi wa ziada kwa ndege kutoka Goma. Kisasi kilielekezwa Mangobo. Askari waliingia nyumba kwa nyumba, wakaua, wakabaka, wakapora. Wengine waliokamatwa waliuawa kwenye daraja la mto Tshopo na miili yao kutupwa majini. Shirika la Human Rights Watch liliandika ushahidi wa wazi wa mauaji ya makumi ya watu, na mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa aliyekuja kuchunguza mwezi uliofuata alieleza kwamba waliouawa walizidi 160.

Mjumbe huyo aliitwa Asma Jahangir. Alikuwa mwanasheria wa Lahore, Pakistani, mji uleule ambao Yash Chopra aliuchagua miaka miwili baadaye kwa kesi ya Veer. Kwao alijulikana, miongoni mwa mengine, kwa kutetea mahakamani haki ya mwanamke mtu mzima kuolewa na amtakaye bila ruhusa ya baba. Alifariki Februari 2018. Sijui kama Mangobo kuna hata kichochoro chenye jina lake, na ningependa kiwepo.

Ukiufuata mfuatano wa siku ile, unaona jambo ambalo hotuba za kizalendo hulificha. Tangazo la redio lilidumu muda mfupi sana. Wa kwanza kulipa walikuwa wageni, au waliofanana na wageni. Waliolipa zaidi, kwa hesabu ya maiti, walikuwa wenyeji wa mtaa. Neno lililorushwa hewani dhidi ya jirani lilirudi juu ya vichwa vya watu ambao hawakulisema.

Haikuwa mara ya kwanza. Agosti 1998, vita vya pili vilipoanza, Abdoulaye Yerodia Ndombasi, wakati huo mtu wa karibu wa Rais Laurent-Désiré Kabila, alitoa hotuba ambazo Ubelgiji iliziona kuwa uchochezi dhidi ya Watutsi, na Aprili 2000 ikatoa hati ya kumkamata. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliifuta hati hiyo Februari 2002, kwa hoja kwamba waziri wa mambo ya nje aliye kazini ana kinga. Haikusema kwamba maneno yale yalikuwa safi. Huko mitaani, hata hivyo, tofauti hiyo haikufika, na kilichosikika ni kwamba mkubwa amesema na hakufanywa kitu. Miezi mitatu baadaye ikaja Mei 14.

Kwa hiyo kumsimamisha kazi Jenerali Ekenge ni hatua, tena ya haraka kuliko tulivyozoea. Tatizo ni kwamba wazo lake lina ndugu anayevaa suti. Julai 2021, mbunge Nsingi Pululu alipeleka bungeni pendekezo lililobuniwa na Noël Tshiani, aliyewahi kugombea urais mwaka 2018, la kutaka urais na nyadhifa nyingine kubwa ziwe za waliozaliwa na baba Mkongo na mama Mkongo. Wengi waliona linamlenga Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Pendekezo halijawa sheria. Lakini tuliache jina la Katumbi pembeni kidogo, kwa sababu yeye ana mawakili.

Tumwangalie mtoto wa yule kijana wa Mangobo na binti wa Uganda. Sheria ya 2004, kifungu cha 7, inasema ni Mkongo tangu kuzaliwa mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake, baba au mama, ni Mkongo. Mmoja anatosha. Pendekezo la Tshiani linamwacha awe Mkongo, lakini linamwambia kuna milango ambayo hataifungua kwa sababu ya mtu ambaye baba yake alimpenda. Huo ndio msingi uleule wa onyo la jenerali: kwamba ndoa ya mchanganyiko ni ufa, na mtoto wake ni alama ya ufa huo. Tofauti yao ni kwamba mmoja alitumia kipaza sauti na mwingine anatumia lugha ya kisheria.

Na Kisangani ina watoto wengi wa aina hii kuliko inavyopenda kukiri. Majeshi ya Rwanda na Uganda yaliingia eneo hili mwaka 1998. Yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji, na vita vya siku sita vya Juni 5 hadi 10, 2000, vilirusha makombora zaidi ya 6,600 na kuua raia zaidi ya 760, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa. Waganda waliondoka mjini baada ya hapo, Wanyarwanda mwaka 2002. Kati ya siku ya kuja na siku ya kuondoka walizaliwa watoto. Wengine ni wa mapenzi, wapo wa njaa ya mama aliyehitaji unga, na wapo wa kubakwa. Si haki kuyaita yote hayo kwa jina moja, na si haki pia kumfanya mtoto ajibu ni lipi kati ya hayo lilimleta.

Februari 2022 Mahakama ya The Hague iliamua Uganda ilipe dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa madhara yaliyowapata watu, ubakaji ukiwemo. Mfuko wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, uliwekwa hapahapa Kisangani, na malalamiko juu ya orodha zake hayajaisha. Rwanda haikuhukumiwa, kwa sababu mwaka 2006 mahakama ilijiona haina mamlaka juu yake. Fedha zinagombewa sana. Kinachozungumzwa kidogo ni kwamba kwa mtoto wa mama Mkongo na askari wa kigeni, kitu cha kwanza cha kumlinda kinapatikana bila The Hague, nacho ni cheti cha kuzaliwa.

Sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inataka kila mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Siku hizo zikipita, lazima kwenda mahakamani kutafuta hukumu ya kufidia, yenye gharama na safari ambazo mama wa Mangobo anayeuza makala na mihogo huziahirisha mwaka hadi mwaka. Katika vita, mama gani alikwenda komini ndani ya siku 90 kutaja jina la askari ambaye kikosi chake kilikuwa kinapiga mabomu mtaa wake? Wengi hawakwenda. Kwa hiyo wapo watu wazima Kisangani ambao kwa kifungu cha 7 ni Wakongo bila shaka yoyote, lakini hawana karatasi ya kulionesha hilo siku mtu akiamka na kuwaita wageni.

Serikali ya jimbo la Tshopo na mahakama ya mji hazihitaji kibali cha Kinshasa ili kuanzisha vikao vya kuwapa hukumu hizo mtaa kwa mtaa. Vikao vya namna hiyo vimefanyika sehemu nyingine za nchi, vikihamia karibu na watu. Waliozaliwa Kisangani kati ya 1999 na 2002 wana leo miaka 23 hadi 27, na baadhi yao wameshaanza kupeleka mahari.